Mkazi Mmoja wa Bonde la Mchicha

"Mie nimesimama hapa mbele yako, naongea, mate yanakurukia, halafu unaniambia sipo?"

"Sijasema haupo. Nimesema haumo."

"Tofauti yake nini?"

"Kuwepo ni shughuli yako wewe na Mungu wako. Kuwemo ni shughuli ya ofisi. Kaa kwanza, kijana, kiti hicho hapo."

"Sikai. Nikikaa utaandika kiti kiko wazi."

Audax, mtendaji wa mtaa, akacheka kwa pua, akamsogezea Mudathir kiti hivyo hivyo. Nje mvua ilikuwa inayatwanga mabati ya ofisi mpaka watu wanaongea kwa kupayuka. Kwenye benchi walikaa watu watano wanasubiri barua za utambulisho, wote wameloa, mmoja anakamua kanga mlangoni. Mudathir alikuwa ametembea dakika ishirini kutoka bondeni bila mwavuli, na shati lake lilikuwa kavu mpaka kola. Viatu tu ndo vilikuwa na tope, maana tope halibagui.

"Na ushahidi umekuja nao mwenyewe," Audax akasema, anaielekezea kola kalamu. "Mvua yote hii, braza, na wewe mkavu kama mkate wa juzi."

"Mambo yangu mie sijayafuata. Nimefuata ya babu. Bibi kasema aombewe likizo. Hawezi tena."

Audax akaweka kalamu chini. Mzee Khalfani alikuwa anampenda. Mtaa mzima ulikuwa unampenda Mzee Khalfani, ndo maana ilikuwa ngumu.

Ishu yenyewe ilianza siku ya sensa.

Bonde la Mchicha liko nyuma ya Gongo la Mboto. Unaacha lami, unapita mashine ya kusaga, unateremka mpaka unasikia vyura mchana kweupe, ndo umefika. Nyumba kumi na tano, mifereji ya mchicha na matembele, visima vya kuchimba kwa mkono ambavyo maji yake ni ya chumvi. Watu wa pale wana tabia moja. Mtu akizidiwa, jirani halali kwake. Wanafunga milango, wanatoka na mikeka, wanakaa barabarani nje ya nyumba ya mgonjwa, wakubwa kwa watoto, mpaka ijulikane anakwenda au anabaki. Hakuna aliyewaamrisha. Kuna jamaa mmoja zamani alibakia ndani kwake akajifunika shuka, akasemwa mpaka akahama.

Usiku wa kuamkia sensa, Mzee Khalfani akazidiwa.

Alikuwa na miaka themanini na moja. Miaka thelathini na nne katika hiyo alikuwa tarishi wa serikali, anabeba mafaili toka chumba hiki kwenda kile, na hajawahi kuchelewa hata siku moja. Alikuwa na kasoro moja tu, hawezi kusinzia huku anaangaliwa. Kwa hiyo usiku ule aliwatoa wote ndani, mpaka Bi Zubeda mkewe. Bi Zubeda alikubali kutoka, ila hakukubali kumwachia. Akaweka kigoda nje ya dirisha, akapitisha mkono kwenye grili, mzee akaushika akiwa kitandani. Grili yenyewe alichomelea Mudathir, mjukuu wao, kazi anayoifanya toka alivyoacha shule kidato cha pili. Nafasi ya vyuma aliiacha pana kwa kukosea vipimo, na bibi yake alikuwaga anamsema kila akifagia, kwamba hata paka wa jirani anaingia na wanawe. Usiku ule hakusema kitu.

Alfajiri, saa kumi na moja, ule mkono wa ndani ukalegea.

Saa tatu asubuhi akateremka karani wa sensa, mwalimu Tusajigwe, na kishikwambi chake kwenye mfuko wa nailoni. Msichana mstaarabu, alivua viatu kila nyumba. Swali lake lilikuwa moja: saa sita usiku wa kuamkia leo, nani alikuwa ndani ya nyumba hii? Nyumba ya kwanza wakamjibu, hakuna, wote tulikuwa barabarani. Ya pili hivyo hivyo. Nyumba kumi na nne, hakuna, hakuna, hakuna. Tusajigwe akajaribu kuwaingiza kama watu wa barabarani, kishikwambi kikauliza namba ya nyumba. Akajaribu fomu ya watu wasio na makazi, kishikwambi kikauliza kama wana nyumba. Wakajibu kweli, tunazo, zile pale. Kikajifunga. Watu wale siku ya kawaida wangeweza kudanganya vizuri tu, lakini maiti ilikuwa bado ndani, waliona vibaya.

Nyumba ya kumi na tano, saa sita usiku Mzee Khalfani alikuwa ndani, na alikuwa hai. Kanuni ilimkuta. Tusajigwe akaandika: mmoja, mwanaume, themanini na moja, mstaafu. Halafu akakirudisha kishikwambi kwenye nailoni, akajifunga kanga, akaenda kukuna nazi na wanawake wa msibani. Mpaka leo hakuna anayemlaumu. Akipita wanampa mchicha.

Matokeo yalipotangazwa, Bonde la Mchicha lilikuwa na mkazi mmoja. Wiki ile ile ikanyesha mvua ya kwanza ya vuli, na haikumlowanisha mtu.

Ilikuwa inashuka vizuri, inafika juu ya kichwa, inapita pembeni, kama mtu anavyompisha asiyemjua. Ukijimwagia maji ya ndoo unaloa kama kawaida. Ni mvua tu ndo ilikuwa haikutambui. Watu walizoea ndani ya siku mbili. Tupokigwe, muuza maandazi, alifurahi akaacha kufunika beseni. Akafika barabarani yeye mkavu na maandazi yote ni uji, akarudisha mfuniko.

Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, Mzee Khalfani akarudi.

Alikuja kwa miguu kutoka makaburini, na sanda yake, mchanga umemganda kwenye ndevu. Bi Zubeda alikuwa anachambua mchele.

"Umerudi?"

"Nimeitwa. Kuna kitu cha kusaini."

"Pitia uani, kanzu yako iko kwenye kamba. Watu wanapita hapa. Na ufute miguu."

Kitu chenyewe kilikuwa chandarua. Watu wa afya walikuwa wanagawa vyandarua kwa hesabu ya wakazi, na Bonde la Mchicha wameletewa kimoja, na mkazi ndo asaini. Mzee Khalfani akasaini, akasoma fomu yote mpaka nembo, akarudisha nakala. Saa tisa na nusu alasiri, muda wa ofisi ulipokwisha, akaaga, akarudi kaburini.

Bi Zubeda alikuwa bado kwenye eda, kwa hiyo shehe akaulizwa. Shehe akafikiri siku tatu. Akasema eda iendelee, maana mtu amekufa, mashahidi wapo na waliomwosha wapo. Hii ya kurudi ni ya kiserikali, haihusiani na ndoa. Mzee akae nje. Basi kila siku ya kazi mzee akawa anakaa kwenye kigoda nje ya dirisha, bibi yuko ndani, anapitisha mkono kwenye grili, wanashikana, na hata eda ilipokwisha hawakubadilisha. Jumamosi na Jumapili hakuja. Sikukuu za serikali hakuja. Siku moja kabla ya Krismasi Bi Zubeda alimuuliza kama kesho atakuja, akamwambia, "We mwanamke, si kesho mapumziko?"

Kila kitu kikawa kinakuja kimoja, na anasaini yeye. Kopo moja la dawa ya kisima. Sindano moja ya chanjo, akachomwa yeye, nesi akamsifia kwa kutulia. Kwenye mkutano wa mtaa aliwekewa kiti kimoja, na watu wa bonde wanasimama nyuma ya kile kiti wanamnong'oneza, yeye ananyoosha mkono. Waliomba kivuko cha miguu kwenye mfereji mkubwa, kwa sababu ya watoto wa shule. Mwenyekiti akauliza bonde zima lina watoto wangapi. Mzee Khalfani akasimama, akasema kwa mujibu wa takwimu, hakuna. Alikuwa mtu wa serikali, hakuweza kutamka tarakimu ambayo haijaandikwa. Ila aliporudi hakugusa chai, na Bi Zubeda hakumlazimisha.

Mvua ilimlowanisha yeye peke yake. Hapo ndo tatizo. Mtu aliyekwisha kuwa mchanga hafai kuloweshwa. Kufikia masika akawa anaacha mchanga kwenye kigoda, kwenye njia, kwenye fomu. Akisaini, kalamu inakwaruza. Mudathir alikuwa anamfuata nyuma na ufagio wa chelewa, anauzoa ule mchanga, anautia kwenye kopo la maziwa, na kila Ijumaa baada ya swala anaurudisha kaburini, anausawazisha kwa kiganja. Aprili kopo moja likawa halitoshi.

"Likizo ya mkazi haipo kwenye taratibu," Audax akasema sasa, anapayuka juu ya mabati. "Kuna kuhama. Fomu ya kuhama ninayo. Babu yako akisaini, amepumzika siku hiyo hiyo."

"Nipe basi."

"Sikiliza kwanza, usiwe na mapepe. Akihama, bonde linabakia na wakazi sifuri. Sehemu yenye sifuri inaitwa eneo la wazi. Kuna watu wanataka kuweka yadi ya makontena, maombi yao yamefika huko juu na ramani imeshachorwa. Wanasubiri tu pawe wazi. Siku ya pili wanateremka na rangi nyekundu, kila ukuta X ya kubomolewa. Unanielewa?"

Mudathir akakaa kwenye kile kiti. Hakukumbuka kwamba alikikataa.

"Watu sitini na tatu," akasema. "Na mtoto wa Tupokigwe kazaliwa Januari. Sitini na nne. Njoo utuhesabu wewe mwenyewe, kichwa kwa kichwa, nusu saa unamaliza."

"Mie siruhusiwi kuhesabu. Hesabu ni baada ya miaka kumi."

"Babu hafiki miaka kumi."

"Babu yako ameshakufa, Mudathir."

"Najua kashakufa. Nasema hafiki."

Audax ni mtu wa Bukoba, mama yake amezikwa nyuma ya nyumba kwenye migomba, na akienda likizo anampigaga stori jioni. Akavuta karatasi, akaandika barua ya kuomba uhakiki, akaigonga muhuri mara mbili ili isomeke.

Jioni Mudathir akamwambia bibi yake kila kitu, ya sifuri na ya makontena. Bi Zubeda alikuwa anamenya mihogo, hakunyanyua kichwa.

"Wakikataa kuhesabu, na asaini. Yeye kwanza."

"Na nyumba, bibi?"

"Nyumba ni matofali. Yule anamomonyoka."

Mhakiki akaja Jumatano, saa saba na nusu mchana, mvua inamwagika. Anaitwa Jovina. Alikuwa na buti za mpira, mwavuli mkubwa na jalada ndani ya plastiki, na akamwamkia kila mtu mzima aliyemkuta njiani. Watu wa bonde walikuwa wamejipanga kwenye barabara ile ile ya mikeka, wamevaa nguo za Idi na za kanisani, watoto mbele. Walisimama nusu saa kwenye mvua wakiwa wakavu, viatu tu ndo vimechafuka.

Jovina akapita mstari mzima, anamgusa kila mtu begani kwa vidole viwili. Kavu. Kavu. Kavu. Hakuandika. Alipofika kwa mtoto wa Tupokigwe akamgusa shavu, mtoto akacheka, shavu kavu. Hakuandika.

"Sista," Mudathir akasema, "si unatuona lakini?"

"Nawaona, kaka yangu. Mmependeza."

Mudathir akatoka kwenye mstari. Akaenda kisimani, akavuta ndoo, akajimwagia kichwani mwake yote, akarudi na shati limegandana na mbavu. Akasimama mbele ya Jovina anachuruzika. Hakuna aliyecheka. Tupokigwe akampa jirani mtoto, akaenda na yeye. Akafuata wa tatu. Dakika kumi baadaye watu wote walikuwa wameloa, nguo za Idi na za kanisani, mabibi kwa watoto, wanatetemeka, wanachekana meno yanavyogongana.

Jovina akamgusa Mudathir begani kwa mara ya pili. Akaangalia kidole. Akakilamba.

"Maji ya kisima haya," akasema kwa upole. "Yana chumvi. Mvua haina chumvi. Poleni jamani, mmejitahidi kweli."

Akasogea mpaka nyumba ya kumi na tano. Mzee Khalfani alikuwa kwenye kigoda chake nje ya dirisha, kanzu imemganda, maji yanamtoka kwenye kofia, na chini ya kigoda kuna kichuguu cha mchanga. Mkono wa Bi Zubeda ulikuwa umetoka kwenye grili umemshika bega.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Samahani sinyanyuki, nikinyanyuka napungua."

Jovina akamgusa bega la pili. Akaandika moja. Akaandika imehakikiwa. Kisha akalitazama lile rundo la mchanga, akainama, akaushusha mwavuli ukamfunika mzee.

"Mzee wangu, umechoka. Fomu ya kuhama hii hapa. Ukisaini, nafunga faili leo leo, hakuna atakayekuita tena."

Bi Zubeda akasema toka ndani, "Saini, Khalfani."

Mzee akaipokea ile fomu. Akaisoma yote, mpaka nembo. Akageuza nyuma akasoma na kule.

"Imeandikwa eneo libaki wazi," akasema. "Na hawa?"

Mudathir akachuchumaa mbele yake, maji ya chumvi yanamwingia machoni.

"Babu, saini. Sie tutajua pa kwenda."

"Mtakwenda wapi?"

"Tutajua."

"Hujui."

"Sijui. Lakini saini, babu yangu. Mie nimechoka kukuzoa."

Mzee Khalfani akamwangalia mjukuu wake kwa muda mrefu, vile alivyokuwaga anamwangalia siku za ripoti ya shule. Akanyoosha mkono, akamfuta uso, akamwachia mchanga kwenye shavu.

"Saa ngapi saa hizi?"

"Saa nane na robo."

"Basi niko kazini." Akamrudishia Jovina fomu, safi, haina hata kunjo. "Mama, umekuja na kitu cha kusaini, au umekuja na hii tu?"

Jovina akapekua kwenye begi. Chandarua kilikuwepo, cha awamu ya pili, kimoja. Mzee akasaini kwa kalamu inayokwaruza, akarudisha nakala, akampa Mudathir chandarua ampelekee Tupokigwe, kwamba yule mtoto hajapata. Jovina akaaga, akapanda kilima na mwavuli wake. Watu wakaenda kubadilisha nguo.

Ndani, Bi Zubeda alikuwa ameudondosha mkono. Ulikaa muda kidogo haupo. Kisha ukatoka tena kwenye grili, na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Mbishi wewe," akasema. "Ulikuwa mbishi toka una meno."

"Weka sukari, Zubeda."

"Sukari imo. Koroga."

Mudathir alifagia chini ya kigoda, akajaza makopo mawili, akayapanga ukutani kusubiri Ijumaa. Saa tisa na nusu mzee akamaliza chai, akatundika kanzu yake kwenye kamba, akajifunga sanda vizuri. Mudathir akataka kumshika mkono wapandishe wote. Mzee akasema hapana, huko juu Mudathir hawamjui bado.

"Kesho saa moja na nusu," akasema, akageuka, akaanza kupanda kilima kuelekea makaburini, na mvua ya bonde zima ikamfuata yeye.